Beti Nne za Wimbo wa Peris

Bungoma,
16 Januari 1994

Sellah dada yangu,

Mulembe. Tumefungua shule juzi na tayari koo langu limekauka kwa vumbi la chaki. Jentrix na watoto ni wazima. Eliakim ameingia darasa la kwanza. Jana amelala na sare, ati asichelewe asubuhi. Mama yake alipojaribu kumvua kaptura aliamka akilia kama mtu aliyenyang'anywa cheo. Shamba la nyuma ya nyumba tumeshalipiga jembe la kwanza, tunangoja mvua. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mwambie Papa, atafurahi. Bado anakunywa chai bila maziwa?

Sasa shauri lenyewe. Wazee wa kanisa la Ndalu walinifuata hapa shuleni. Mwezi wa nane kwaya inatimiza miaka thelathini tangu Papa aianzishe, na wanataka kuchapisha kitabu kidogo cha nyimbo zake. Unajua madaftari yake yaliliwa na mchwa pale chini ya kitanda. Kilichobaki ni zile nyimbo ulizochapa kwenye kompyuta ya kazini kwenu, mwaka ule Papa alipohamia kwako. Hapa mjini kuna watu wa kompyuta watakaotuchapia, wanasema nilete tu disketi.

Wimbo ninaoutaka kuliko zote ni ule wa Mayi, mama yetu Peris. Wewe ulikuwa mdogo alipofariki, labda unakumbuka watu wengi tu na sufuria kubwa. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Nakumbuka Papa amesimama mlangoni mwa jikoni anagonga ule uma wake wa sauti kwenye goti, anauweka sikioni, anatikisa kichwa, anagonga tena. Watu walisema huzuni imemchanganya. Kumbe alikuwa anatafuta sauti ya mke wake, aanzie hapo.

Ulikuwa na beti nne. Wa kwanza ninao, wa pili ninao nusu. Hizo nyingine ni kama harufu ya nyumba ya zamani: nikikutana nayo nitaijua, nikiiita haiji.

Nisalimie Papa.

Kaka yako,
Wabwile


Kitale,
5 Februari 1994

Kaka Wabwile,

Barua yako ilifika na alama ya kikombe cha chai mgongoni. Sijui ni cha posta au ni chako, Jentrix atanijibu. Mwambie Eliakim kuwa shangazi yake amecheka mpaka jirani akauliza.

Huku asubuhi ni baridi ya kuuma masikio. Malori ya mahindi kutoka mashamba ya Kwanza bado yanapanga foleni nje ya mashine ya kusaga, na sisi wa ofisini tunapenga kamasi jeupe kama tumekula unga. Mzee Madanlal, mwenye mashine, ni mzima. Siku hizi ofisi inaongozwa na mke wa mtoto wake, Lajwanti, yule aliyesomea kompyuta Nairobi. Ndiye aliyenifundisha kazi hii.

Zile nyimbo zipo, usiwe na wasiwasi. Unakumbuka nilivyokuandikia wakati ule? Jumamosi kazi ikiisha, Papa alikuwa anakuja na koti lake, anakaa karibu nami, anaimba mstari mmoja, mimi nachapa. Mkono wake ulikuwa unapiga mapigo juu ya meza. Lajwanti akaacha hesabu zake akawa anasikiliza. Siku ya kwanza tulipowasha printa, Papa aliisikiliza ikilia kra-kra-kra, akasema, "Huyu hana mapigo kabisa. Mtoeni kwaya." Lajwanti alicheka mpaka akashika mlango. Kila nikiiwasha printa mpaka leo, mmoja wetu lazima aseme, "Mtoeni kwaya."

Kitu hakiwezi kupotea. Kila Ijumaa natoa nakala za akiba. Ninazo disketi za seti mbili. Wiki hii naandika kwenye hii, wiki ijayo kwenye ile. Mwaka jana umeme uliruka, kompyuta ikafa, na Jumatatu tuliirudisha kazi yote kutoka kwenye akiba kama hakuna kilichotokea. Disketi ya nyimbo naiweka ndani ya bahasha hii kati ya vipande viwili vya kadibodi. Usiiache juani.

Papa ni mzima. Amezeeka kidogo tu. Anapenda kukaa mlangoni kuangalia watu. Lenah, jirani yangu, anamwangalia nikiwa kazini. Habari ya ndama nimempa.

Dada yako,
Sellah


Bungoma,
13 Machi 1994

Sellah,

Natumaini huko hamjambo. Huku mvua imeanza vizuri na tumepanda. Ndama wa yule mwekundu aliharisha lakini amepona. Jentrix anakusalimu.

Jana nimepewa nyimbo zikiwa kwenye karatasi. Nimezisoma nikiwa nimesimama pale pale barabarani, halafu nikarudi ndani kuwauliza kama hawakuruka kurasa. Wamenionyesha disketi kwenye kioo chao. Hawakuruka kitu.

Nyimbo kumi na mbili zimekuwa fupi. Nyingine kiitikio kimehamia kwenye wimbo mwingine. Na wimbo wa Mayi! Una beti mbili. Ubeti wa kwanza si ule ninaoujua. Nakunakilia uone mwenyewe:

Peris ameenda kisimani,
mtungi wake uko kichwani,
msifunge mlango wa jikoni,
atarudi jua likiwa changa.

Huu ni wimbo wa mazishi gani, Sellah? Atarudi wapi? Watu walilia pale Ndalu mpaka mchungaji akashindwa kuomba, na si kwa maneno haya. Nani amekata wimbo huu? Kama ni wewe uliona unafaa kurekebishwa, ungeniuliza. Mimi ndiye nilikuwa nimesimama karibu na kaburi.

Tafadhali niletee ule wa kwanza, kama Papa alivyouimba mwaka wa tisini na moja. Si unasema una akiba? Itoe hiyo akiba.

Wabwile


Kitale,
24 Aprili 1994

Kaka yangu,

Pole kwa kukaa kimya. Barua yako nimeijibu mara nyingi na kuyachana majibu. Huku tuko hai. Mvua imebomoa kibanda cha kuku cha Lenah na sasa kuku wanalala jikoni kwangu. Nashukuru Mungu kwa mambo madogo ya kulalamikia.

Sijakata wimbo. Aliyekata ni Papa.

Sikutaka kukuandikia hivi kwa karatasi. Ilianza kama mwaka mmoja na nusu uliopita. Alikuwa anakuja ofisini Jumamosi kama kawaida, anataka nimsomee nyimbo. Nikisoma ananyanyua mkono: "Hapana, hapo si hivyo." Anasema vile inavyotakiwa. Mimi nabadilisha. Ningekataaje, Wabwile? Nyimbo ni zake. Nilifikiri mtunzi anasahihisha. Leo anatoa ubeti, wiki nyingine anaunganisha kiitikio cha Krismasi na wimbo wa mavuno. Nilipoanza kushtuka nilijiambia ni uzee. Halafu siku moja tulifika kwenye wimbo wa Mayi. Nikasoma ule ubeti wa kwanza. Akaniangalia kama nimemtukana. Akasema, "Nani amekwambia Peris amekufa? Peris ameenda kisimani."

Nilichapa alivyosema. Nilichapa nikilia, na yeye akanipigapiga begani akiniambia nisichoke, tunakaribia kumaliza.

Anauliza habari za Mayi karibu kila siku. Kuna siku nyingine ananiita Senge Rodah, anadhani mimi ni dada yake. Hilo ndilo nililokuwa naita kuzeeka kidogo.

Ulipoandika nitoe akiba, nilikimbilia disketi zangu. Seti ya kwanza, maneno ni yale yale. Seti ya pili, yale yale. Nilimwambia Lajwanti, nikidhani mashine imeniibia. Akavuta kiti akakaa.

"Hiyo akiba yako uliandika lini?" akaniuliza.

"Kila Ijumaa."

"Juu ya ile ya zamani?"

"Ndiyo. Si ndivyo ulinifundisha?"

"Ndivyo. Na umefanya vizuri. Lakini akiba kazi yake ni moja, mashine ikifa leo, kesho uendelee ulipoachia. Inafuata kazi. Ukibadilisha neno Jumatano, Ijumaa akiba nayo inabadilisha. Haijui kama umesahihisha au umeharibu."

Halafu akanipeleka kwenye lile sanduku la chuma ambalo huwa naliona tu. Ndani kuna disketi za hesabu za miaka iliyokwisha. Zilitolewa kabisa kwenye kompyuta, zikaandikwa mwaka na kilichomo, na kile kidude kidogo cha pembeni kimesukumwa ili mtu asiweze kuandika tena juu yake. "Hii si akiba," akasema, "hii ni kumbukumbu. Hakuna anayeifanyia kazi. Mwaka ukiisha umeisha, tunauweka vile ulivyokuwa, hata makosa yake. Mtu wa ushuru akiuliza, tunamwonyesha." Akanishika mkono. "Sellah, nilikufundisha akiba kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yako. Nyimbo za baba zilihitaji hii nyingine, na hakuna kati yetu aliyelifikiria."

Basi ndivyo ilivyo. Papa alisahau kidogo kidogo, na kila Ijumaa nikanakili kusahau kwake kwenye seti mbili. Ule wa mwaka wa tisini na moja haupo popote.

Kuna jambo moja zaidi. Lenah ameniambia kuwa mwezi wa Desemba alikuja mwanamume mrefu mwenye koti la mwalimu. Papa akamkaribisha vizuri, akampa chai, akamwuliza anatoka wapi na kama mvua imenyesha Bungoma. Akamwuliza kama ana wazazi. Yule mtu akanywa chai yote, akashukuru, akaenda. Hakungoja nirudi.

Ulikuwa wewe. Mbona hukusema?

Sellah


Bungoma,
26 Juni 1994

Sellah dada yangu,

Mulembe. Najua miezi miwili ni mingi. Jentrix alikuwa ananiuliza kila jioni, "Umemwandikia?" mpaka akaacha kuniuliza. Hawajambo wote. Mahindi yametoa mbelewele. Eliakim ameng'oka jino la mbele na sasa anaimba kwa kupuliza.

Kuhusu Desemba sina la kusema. Chai ilikuwa nzuri.

Wacha nikwambie nilichofanya. Shule zilipofunga Aprili barua yako ilikuwa bado haijafika, kwa hivyo nimekuwa nikienda Ndalu Jumamosi. Nilifikiri, wimbo ulioimbwa na watu arobaini hauwezi kuwa umekufa wote. Nikaanza kwa Senge Rodah. Alikuwa anapukuchua maharagwe. Nikamwambia nataka wimbo wa Peris. Aliendelea kupukuchua, halafu midomo ikaanza kucheza. Akaimba sauti ya pili peke yake. Sauti ya pili, Sellah! Nilikuwa sijui kama ina maneno mengine hapo katikati. Akatuma mtu aite wenzake. Walikuja watatu, mmoja anatembelea fimbo. Ubeti wa kwanza ulitoka wote:

Peris ametutoka asubuhi,
mtungi umebaki mlangoni,
maji aliyoyateka jana
ndiyo tunayanywa kwa kilio.

Mmoja akasema si "kwa kilio", ni "kwa kimya". Wakagombana mpaka maharagwe yakamwagika. "Mimi nilikuwa nimesimama mbele yako!" "Ulikuwa unalia, ungesikia nini wewe?" Nilikaa pale kwenye kigoda nikiwasikiliza, na nikasikia harufu ya jikoni kwetu, moshi wa mkuyu na maziwa ya mursik yaliyoganda kwenye kibuyu, kama Mayi yuko upande wa pili wa ukuta anatungoja tuache kelele.

Wa pili ukatoka, wa tatu ukatoka. Wa nne hakuna. Senge Rodah akasema, "Huo hatukuuanza sisi. Ulianzwa na besi peke yake. Mtafute Kiptanui."

Unamkumbuka Kiptanui? Aliyekuwa akikubeba mabegani wakati wa mavuno. Aliondoka Ndalu mwaka ule wa shida, watu walipofukuzana kwa ukabila, na tangu hapo hajashuka. Watu waliniambia yuko Kapsokwony, juu mlimani kwao, lakini pia waliniambia nisiende. Watu wa pande zote mbili, wa kwetu na wa kwao, waliniangalia kama mtu aliyekosa kazi. Nikaenda. Barabara ile ni ya kupanda mpaka goti linauliza maswali.

Nilimkuta shambani anapalilia viazi. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Akainuka, akaniangalia sana, akasema, "Simama hivyo hivyo. Ndivyo baba yako, Mwalimu Khaemba, alikuwa anasimama." Akatupa jembe chini. Nikamwambia Papa amesahau, na wimbo umepotea ubeti. Akauliza, "Wa nne?" Kabla sijajibu alikuwa ameshaanza, pale kwenye viazi, na ile sauti yake haijapungua:

Nikifika nitabisha polepole,
usinyamaze, endelea kuimba,
nitapita nyuma ya sauti ya kwanza
nishike besi kama zamani.

Alipomaliza aliniambia, "Sikuuimba tena tangu siku ile. Lakini kila nikipanda viazi unapita kichwani."

Nilikuwa na redio kaseti ya shule. Nimemrekodi yeye, na Jumamosi iliyofuata nikawarekodi akina mama. Kaseti hiyo anakuletea dereva wa lori la mahindi anayekuja kwenu. Mwekee Papa. Mimi siwezi kuja sasa, kuna mitihani.

Wabwile


Kitale,
17 Julai 1994

Kaka Wabwile,

Kaseti ilifika salama, ndani ya gunia, imefungwa kwa leso ya Jentrix. Mshukuru. Leso sirudishi. Kuku wa Lenah wamerudi kwao na mimi nimebaki na upweke.

Nilimwekea Papa Jumapili baada ya chakula, mlangoni pale anapopenda. Nilikuwa naogopa. Nilifikiri akisikia "Peris ametutoka" atapiga kelele, au ataanza msiba upya. Akina mama wakaanza. Aliinamisha kichwa. Kidole chake kikaanza kupiga mapigo juu ya paja. Ubeti wa pili akanyanyua mkono kidogo, kama anamwambia mtu apunguze. Alipoanza Kiptanui peke yake alifumba macho na hakuyafumbua mpaka mwisho.

Nikazima. Kuku mmoja alipita, mtoto akapita na tairi. Nikangoja.

"Wimbo huu nani ametunga?" akaniuliza.

"Ni wewe, Papa."

Akacheka, kile kicheko chake cha zamani cha puani. "Mimi?" Akafikiri. "Basi huyo mama nilimpenda."

"Ulimpenda sana."

"Weka tena," akasema. "Lakini sauti ya pili inachelewa."

Tumeweka mpaka betri zikalegea. Hakuuliza Mayi yuko wapi siku ile. Jumatatu aliuliza.

Nimeuchapa wote, beti nne, na Lajwanti akakaa nami. Hii haikuingia kwenye akiba zangu za Ijumaa. Tumeiweka kwenye disketi mpya, nikaandika juu yake jina la wimbo, la mtunzi na la waliotukumbusha, na nikasukuma kile kidude kwa kidole changu mwenyewe. Lajwanti akaniambia kumbukumbu ya nakala moja nayo ni ujinga, disketi huoza. Kwa hivyo ziko tatu: moja kwenye sanduku lake la chuma, moja kwangu, moja ndiyo hii ninakutumia. Na nakala nne za karatasi, ya Kiptanui ikiwemo.

Ila nimekwama. Ule wa Papa wa beti mbili, wa kisimani, bado uko kwenye kompyuta. Nilitaka kuufuta. Kidole kilifika kwenye kitufe nikashindwa. Lajwanti akasema hawezi kuniamulia, nimwulize ndugu yangu. Nakuuliza. Na lile neno, ni kilio au kimya?

Sellah


Bungoma,
30 Agosti 1994

Sellah,

Mulembe sana. Wewe na Papa mlikosekana, lakini najua asingeweza safari. Wacha nikupe yote kabla sijaanza kusahau na mimi.

Siku ya sherehe ya kwaya, watu walijaa kanisani Ndalu mpaka wengine walisimama madirishani. Vitabu vilifika asubuhi vikiwa bado vinanuka wino. Kiptanui hakuwepo. Nilikuwa nimempelekea neno, hakujibu, na sikumlaumu. Tulipoanza wimbo wa Mayi nilisimama upande wa besi mwenyewe, nijaribu ule ubeti wa nne, na sauti yangu unaijua. Ubeti wa tatu ukaisha. Nikavuta pumzi. Sauti ikatoka nyuma kabisa, mlangoni, "Nikifika nitabisha polepole."

Hakuna aliyegeuka. Nafikiri waliogopa akionwa ataacha. Akatembea akiimba katikati ya viti, bado amevaa koti lake la mvua, mpaka akasimama nyuma ya akina mama. Mzee mmoja ambaye sitamtaja, aliyeapa mwaka ule kuwa hatasalimiana naye tena, alisogea kumpa nafasi. Kusogea tu. Lakini niliona. Baadaye walikula sahani moja.

Kuhusu swali lako, usifute. Zote mbili zimo kitabuni. Ukurasa wa kushoto ni beti nne, tumeandika, "Ulivyoimbwa Ndalu, 1978." Wa kulia ni beti mbili, "Alivyousahihisha mtunzi, Kitale, 1993." Senge Rodah hakupenda. Alisema huo wa kulia ni ugonjwa, si wimbo. Kiptanui akausoma polepole, kidole kwenye mstari, akasema, "Huyu mtu hajasahau. Amekataa tu." Kwa hivyo uweke nao kwenye sanduku, na usukume kidude. Neno tumeacha "kilio". Waliosema "kimya" wameahidi kuimba kimya hata hivyo.

Desemba nilipofika kwenu, Papa aliniuliza kama nina wazazi. Nikamwambia ninaye baba. Akasema, "Mtembelee mara kwa mara, wazee huchoka kungoja." Niliinuka kwa sababu sikuweza kukaa. Nilitaka anipe yule Wabwile wake wa zamani, na hakuwa naye.

Nitakuja Jumamosi. Usimwambie mimi ni nani, wala usimlazimishe. Nitabisha hodi kama mgeni, nitasema natoka Bungoma, mvua imenyesha, na nimesikia ya kwamba hapa anakaa mtu anayemfahamu Peris. Kisha nitakaa nimsikilize.

Kaka yako,
Wabwile